Mbuzi, Mwambie Mama

Mkwe wangu Odhiambo nilikuwa namjua kwa viatu. Miaka yote aliyokaa na binti yangu Roselyn sikuwahi kumtazama usoni, na yeye hakuwahi kunitazama mimi. Hapa Mwello desturi yetu ndiyo hiyo: mwanamume na mama mkwe wake hawashikani mikono, hawali pamoja, hawasemeshani, na wakikutana njiani mmoja anaingia kichakani mpaka mwenzake apite. Kwa kuwa magoti yangu ni mabovu, siku zote aliyeingia kichakani ni yeye. Mimi nilibaki kuona viatu tu vinapotea kwenye majani, viatu vyeusi vya kazi vyenye matundu madogo madogo ya cheche, maana ni fundi wa kuchomelea milango ya chuma kule Busia, upande wa Kenya.

Nilijua pia kikohozi chake. Akikaribia kwetu alikohoa toka mbali, nami nikakimbilia jikoni, na kutoka jikoni nikamsikia anavyocheka na mume wangu Obore. Mtu unaweza kumpenda kwa viatu na kikohozi. Kumjua ni kitu kingine, na sasa nilitakiwa nimjue, tena haraka.

Roselyn alikuwa amerudi nyumbani. Hakupigwa, hakutukanwa, hakulala njaa. Kama angepigwa ningejua la kusema, na ningelisema nikiwa na mchi mkononi. Kilichotokea ni hiki: Jumamosi moja, yeye yuko saluni kwake, kichwa cha mteja kimejaa povu, Odhiambo alikuja nyumbani na mkokoteni akahamisha vitu vyote. Kitanda, sufuria, mapazia, hata nguo alizokuwa ameziloweka kwenye beseni, pamoja na maji yake. Akavipeleka mtaa mwingine, kwenye nyumba mpya aliyoipata. Jioni Roselyn akafungua mlango, akakuta chumba kitupu na mjusi ukutani. Akapiga yowe akidhani wameibiwa. Jirani ndiye aliyemwambia, "Kwani hujui mmehama?"

Nyumba mpya ni nzuri, wanasema. Maji yanatoka ndani, kwenye bomba. Odhiambo alikuwa amesimama mlangoni anachekelea, akingoja kushukuriwa.

"Mama," Roselyn aliniambia alipofika hapa na mfuko wake mmoja, "leo kahamisha kitanda. Kesho atanihamisha mimi, na jirani ndiye ataniambia nimefika wapi."

Odhiambo alikuja mara ya kwanza na wajomba zake. Wakakaa mchana kutwa wanasifu bomba. Wakaondoka bila mke. Ikapangwa siku nyingine aje peke yake, na siku hiyo sisi tutoe neno. Hapo ndipo Obore alipokohoa, akatazama dari, akasema, "Mama yake ndiye aliyemzaa. Akisema arudi, arudi. Akisema akae, akae." Nimeishi na Obore mpaka nywele zimetuisha, na hajawahi kuniachia neno la mwisho hata juu ya chumvi. Siku aliyoogopa ndiyo siku aliyonipa heshima. Na Roselyn naye akasema, "Sema wewe, mama. Mimi nimechoka kufikiri."

Basi asubuhi ya siku yenyewe nikawaambia nakwenda bondeni kutafuta kitoweo cha mgeni. Ukweli ni kwamba nilikwenda kutafuta la kusema.

Nilivaa suruali kuukuu ya Obore, nikaikunja mpaka magotini, maana kwenye mafunjo gauni linakusanya ruba. Mwanzi wangu ni mwembamba kama kidole. Uzi ni wa nailoni, ule wa kutungia shanga. Ndoana ni ndogo, ya kushika ngege, samaki mdogo asiyezidi kiganja, na boya ni kipande cha kandambili. Obore huviita vyombo vya mtoto. Lakini ngege hawajui hilo, na mimi sijawahi kuwaambia.

Nilisimama pale maji yanapopita katikati ya mafunjo, nikatupa ndoana, nikaanza kufikiri. Nikisema arudi, anarudi kwa mtu asiyeuliza. Nikisema akae, nimemvunjia nyumba kwa sababu ya mkokoteni. Na huyo mtu mwenyewe simjui zaidi ya soli zake.

Boya halikuzama. Liliondoka. Lilianza kutembea polepole kuelekea kwenye mafunjo, kama muumini anayetoka kanisani kabla sadaka haijapita. Nikainua mwanzi. Ukapinda mpaka ncha yake ikagusa maji, na upande wa pili hakukuwa na ule mrukoruko wa ngege. Kulikuwa na uzito tu, kana kwamba nimeshika mkia wa ng'ombe aliyelala.

Halafu maji yakavimba. Kikatokea kichwa cha rangi ya tope, mdomo mpana, kikavuta hewa kwa sauti ya mzee anayefyonza uji wa moto, kikazama tena. Kamongo. Samaki huyu ana mapafu kama wewe na mimi. Lazima apande kupumua, la sivyo anakufa maji ndani ya maji yake mwenyewe. Na alikuwa mkubwa, mnene kama paja langu, na kwenye mapaja yangu Mungu hakufanya ubahili.

Meno ya kamongo yanakata uzi wa nailoni kama mkasi. Lakini ile ndoana ndogo ilikuwa imemshika pembeni kabisa mwa mdomo, nje ya meno. Angeweza kuondoka wakati wowote, ila alikuwa bado hajui. Kazi yangu ilikuwa ni kutomjulisha.

Ndipo nikasikia kikohozi.

Odhiambo alikuwa amekwepa barabara kubwa asitazamwe na Mwello nzima, akapita njia ya bondeni. Viatu vya siku hiyo vilikuwa vya kanisani, vinang'aa, na nyuma yake alikuwa anavuta mbuzi wa rangi ya kahawia, wa kumpoza mkwe wake Obore. Viatu vikasimama. Kisha vikageuka, visigino vikanielekea mimi. Amenipa mgongo. Na mimi ningeingia kichakani siku hiyo, magoti au si magoti, kwa jinsi nilivyovaa. Lakini ningekimbiaje na kamongo yuko upande wa pili wa uzi?

Mbuzi akalia kidogo. Nadhani ndiye aliyempa wazo.

"Mbuzi," akasema Odhiambo, akitazama mbali kule Mwamba wa Tororo kama ndio unaomhoji, "mwambie mama nimemsalimu."

Sauti yake ilikuwa nyembamba kuliko nilivyodhani jikoni.

"Mbuzi, mwambie nimeitikia," nikasema. "Na umwambie apite, nina shughuli."

"Mbuzi, muulize mama hiyo shughuli anaivuta ama inamvuta. Maana nasikia maji."

"Mwambie tunavutana."

"Ai! Mbuzi, mwambie avute basi! Avute kwa nguvu!"

"Mbuzi, mwambie huyo mwenye nguvu kwamba huu ni uzi wa ngege. Ukivutwa kwa nguvu tunabaki na fimbo."

"Kwani ni samaki mkubwa?"

"Mbuzi, mwambie anakuzidi wewe."

Mbuzi alinitazama vibaya.

Odhiambo akaanza kuja kinyumenyume, hatua moja moja, viatu vya kanisani vikizama kwenye tope na kutoka vikipiga mabusu. Alipofika karibu akanyoosha mkono nyuma ya mgongo, akaupapasa mwanzi, akaushika juu ya mkono wangu na kuvuta kama anayefungua geti lililoshika kutu. Uzi ukalia. Kamongo akajipinda, maji yakaruka mpaka usoni kwangu.

"Mbuzi, mwambie aachie! Aachie sasa hivi!"

Akaachia. Nasema kweli, aliachia mara moja, kama mwanzi umemuunguza. Uzi ukalegea, nikangoja nione kama bado kuna mtu upande wa pili. Alikuwepo.

"Mwambie mama samahani," akasema. "Nimezoea chuma."

"Mwambie chuma hakina hofu. Huyu anayo."

Mgongo wake ukapanda na kushuka. Halafu akasema polepole, "Basi mbuzi, muulize mama. Nifanye nini?"

Nikamweleza mbuzi. Kwamba kamongo akizama, tumwache aende anakotaka. Akipanda kupumua, hapo ndipo tumlete kidogo, kidogo sana, asijue analetwa. Tukimleta hivyo pumzi kwa pumzi atafika kwenye kina kifupi. Uzi utamfikisha kwenye tope, ila hauwezi kumtoa. Kumtoa kunahitaji kamba.

"Muulize mama kama naweza kuchukua kamba yako, mbuzi."

"Mwambie achukue."

Akafungua kamba shingoni mwa mbuzi, akafunga kitanzi kizuri cha fundi, akasimama nacho pembeni, bado amenipa mgongo. Tukangoja. Kamongo akivuta pumzi moja anaweza kukaa chini muda mrefu, anafikiria mambo yake. Na watu wawili wakingoja pamoja, hata kama mmoja anatazama huku na mwingine kule, kimya kinawashinda.

"Mbuzi," nikasema, "muulize huyu bwana. Alipohamisha nyumba, mke wake alikuwa na simu au hakuwa nayo?"

"Mwambie mama alikuwa nayo. Nilitaka kumfurahisha. Ile nyumba, maji yanatoka..."

"Mwambie bomba nimelisikia kwa wajomba mpaka kiu imeniisha. Nauliza la simu."

Maji yakavimba. Tukamleta kamongo kidogo, akazama. Nilidhani Odhiambo ametoroka swali, lakini akarudi mwenyewe.

"Nilijua nikimwuliza atasema tungoje. Roselyn ni mtu wa kufikiri. Anakigeuza kitu upande huu, upande huu, na nyumba inachukuliwa na wengine. Na pia... niliogopa atasema hapana. Chuma kikikataa nakichoma moto, kinakubali. Mtu akikataa, mimi sijui nianzie wapi."

"Na alipolia?"

"Nilidhani ni furaha. Mpaka asubuhi, nikakuta hayupo."

Nikauma mdomo nisicheke. Kisha nikaona kicheko chenyewe hakiji. Nilikumbuka siku nilipotolewa kwetu Nabuyoga, nikawekwa juu ya baiskeli na sanduku langu, nikaletwa Mwello. Hakuna aliyeniuliza. Sikulia hata. Nilidhani ndivyo dunia inavyoendeshwa, mtu anapakiwa tu. Roselyn alipoona mjusi kwenye ule ukuta mtupu alijua papo hapo kitu ambacho mimi sijakijua sawasawa mpaka leo. Na huyu fundi je? Si mtu mbaya. Ukimwambia aachie, anaachia. Lakini hapa anauliza kwa sababu mimi ni mama mkwe na kati yetu kuna mbuzi. Nyumbani kwake hakuna mbuzi.

Nikaona nimwambie hivyohivyo.

"Mbuzi, mwambie huyu bwana kwamba leo ameuliza kila kitu. Hata kamba ameiombea ruhusa, na jino halikumng'oka. Kwa mke wake anashindwa nini?"

Upepo ukapita kwenye mafunjo.

"Mama," akasema Odhiambo taratibu, "mbuzi hayupo."

Nikatazama. Kweli, hapakuwa na mbuzi, hata mavi yake.

"Ameondoka lini?"

"Sijui. Labda nilipomfungua kamba."

"Kwa hiyo muda wote huu tulikuwa tunamwambia nani?"

Sijawahi kuona aibu ya namna ile, nimesimama kwenye maji na suruali ya mume wangu, nimezungumza na mkwe wangu ana kwa mgongo kama tuko sokoni. Wazee wa zamani wangedai mbuzi wa kutusafisha. Mbuzi tulikuwa naye, ila alikuwa na shughuli zake.

Kamongo ndiye aliyetuokoa. Alipanda karibu, karibu kuliko mara zote, mgongo wote nje, na hapakuwa na nafasi tena ya kuona haya. Odhiambo akageuka na kuingia majini na viatu vyake vya kanisani, kitanzi mkononi. Mimi nikaushika uzi kwa vidole viwili, nikamwongoza yule samaki kama unavyomwongoza kipofu mlangoni.

"Sasa?" akanong'ona Odhiambo.

"Bado."

"Sasa?"

"Bado. Mwache apumue kwanza."

Mkono wake ulikuwa umekibana kitanzi kwa hamu. Nilikuwa naona mshipa. Lakini alingoja.

"Sasa, mama?"

"Sasa!"

Kitanzi kikapita kichwani, kikakaza nyuma ya mapezi yake yale yanayofanana na kamba za viatu, na wakati huohuo uzi wangu ukakatika, pa! Odhiambo akarudi nyuma na kamba begani, kamongo akatoka kwenye maji akipiga tope huku na huku, mimi nikaanguka upande mmoja na yeye upande wa pili, samaki katikati yetu. Tulipoinua vichwa tukawa tunatazamana.

Ana uso wa kawaida tu. Umejaa matope, na nyusi moja imeungua na cheche. Sijui nilitegemea nini. Tukageuka haraka, kila mtu upande wake, kama watu waliofumaniwa wakiiba ndizi.

"Lile swali la mke wangu, mama," akasema kwa mgongo. "Sina jibu."

"Basi nenda nalo hivyohivyo. Wala jibu usinipe mimi."

Akampiga kamongo kichwani kwa gogo, akambeba begani, akapita njia ya mbele. Mimi nikapita njia ya nyuma, nikavaa gauni langu na kuingia jikoni. Uani nikamsikia Obore akipiga kelele kwa mshangao, kisha jirani yetu Elungat anafika na mbuzi, anafoka. Amemkuta kwenye maharagwe yake.

"Mbuzi gani huyu hana adabu!"

"Msamehe," nikasema kupitia dirishani. "Ametumwa sana leo."

Roselyn aliletewa kamongo jikoni, akaanza kumkatakata. Hakuuliza chochote mpaka Obore alipoita kutoka uani, "Mama Roselyn! Mgeni anangoja neno!"

"Utasema nini, mama?" Hakuinua macho kwenye kisu.

Nikamweleza yote. Jinsi alivyoshika mwanzi akavuta kama geti. Jinsi nilivyomwambia aachie, naye akaachia. La kuogopa kuambiwa hapana nikamweleza pia, na la kudhani kilio ni furaha. Hapo akatoa sauti puani, sijui ni kicheko.

"Halafu akaanza kuuliza," nikasema. "Nifanye nini, nichukue kamba, sasa, bado, sasa, bado, mpaka masikio yakaniuma."

Kisu kikasimama. "Aliuliza? Odhiambo?"

"Huyohuyo."

"Mimi hajawahi kuniuliza hata kama nimeshiba."

"Ndiyo maana sitasema neno, Roselyn. Nikisema urudi, nimekuhamisha mimi. Nikisema ukae, nimekuhamisha mimi pia, tofauti ni mkokoteni tu. Nimemwona leo. Anaweza kufundishika, au labda ananiogopa tu, sijui. Wewe ndiye unayeweza kujua, na hutajulia humu jikoni."

Alitazama mikono yake iliyojaa damu ya samaki. Nilidhani atakasirika. Kisha akanawa, akajifuta kwa kanga, akatoka nje. Mimi nikaweka jicho langu kwenye ufa wa mlango, kwa sababu heshima ina mipaka yake.

Odhiambo alikuwa ameketi kwenye kiti cha wageni, tope limeanza kumkaukia. Roselyn akasimama mbele yake.

"Niulize," akasema.

"Nikuulize nini?"

Roselyn hakumsaidia. Obore akafungua mdomo amsaidie, nikagonga ukuta kwa mwiko, akaufunga.

Odhiambo akatazama miguu yake, akatazama mbuzi, akatazama mlango wa jikoni. Mwisho akainuka. "Roselyn, ile nyumba... unaitaka?"

"Siitaki. Iko mbali na saluni, na dirisha lake linatazama baa."

Nilimwona anavuta pumzi. Neno lenyewe limefika, lile aliloliogopa, na yeye bado amesimama.

"Ile ya zamani wameshaingia watu," akasema.

"Najua. Tutatafuta nyingine, mimi na wewe, kwa miguu, mlango kwa mlango. Wala si kazi ya siku moja."

"Lini?"

"Nitakuambia," akasema Roselyn, akageuka kurudi kwenye samaki wake.

Odhiambo akaketi. Obore akamsogelea, akamnong'oneza kwa sauti yake ambayo husikika mpaka kwa Elungat. "Kwa hiyo, baba, anarudi au harudi?"

"Tungoje, mzee," akasema Odhiambo. "Anafikiri."